Uliza Tukujibu: Begi ya kiuno msituni, ibebe nini na uinunue aje

SWALI: Habari ya kazi mhariri. Binamu yangu ameishi Wisconsin huko Marekani miaka mingi, na hii Novemba amenialika nikae kwake wiki tatu. Anasema lazima twende na yeye msituni kuwinda kulungu, na ati nitafute begi ya kiuno huku Nairobi kabla nisafiri, ile kubwa inakaa nyuma pale chini ya mgongo, kwa sababu begi ya mgongo itanisumbua. Mimi begi ya kiuno naijua ni ile ya makanga ya kuweka pesa. Sasa kitu kama hiyo itabeba nini ya maana huko msituni? Na nikienda kununua niangalie nini nisiuziwe takataka? – Msomaji, Umoja

JIBU: Ndugu wa Umoja, binamu yako anajua anachosema. Kulungu wa huko, yule wa mkia mweupe, mara nyingi hawindwi kwa kukimbizwa. Mtu anaamka usiku, anatembea gizani mpaka mahali pake, mara nyingi ni kiti kimefungwa juu ya mti, halafu anakaa kimya masaa na masaa akingoja mnyama apite. Kwa hivyo siku yako itakuwa na sehemu mbili ambazo hazipatani kabisa, kutembea ambako mwili unashika joto, na kukaa ambako mwili unapoa vibaya, na Wisconsin mwezi wa Novemba baridi inashuka chini ya sifuri, hiyo si baridi ya Limuru. Ukivaa begi ya mgongo, mgongo wote umefunikwa, unatoa jasho, shati linalowa, na ukishakaa hilo jasho ndilo litakutetemesha asubuhi yote. Begi ya kiuno inaacha mgongo upumue. Kwangu hiyo peke yake ni sababu tosha.

Ya pili ni mabega. Bunduki ya kuwinda kitako chake kinakaa begani na lazima kikae pale pale kila mara, sasa mkanda wa begi ukiwa hapo katikati, na jaketi nzito iko chini yake, kitako kinateleza. Mwenye upinde naye anataka mikono ifunguke bila kitu kuvuta kwa bega.

Ya tatu watu wengi hawaifikirii na mimi ndio naipatia uzito zaidi. Sheria ya Wisconsin inasema wakati wa msimu wa bunduki, angalau nusu ya nguo yako ya nje kuanzia kiunoni kwenda juu iwe rangi ya chungwa inayong'aa, ile ya riflekta ya watu wa boda, ama pinki inayong'aa, na kofia ukivaa pia nusu yake iwe hivyo. Hiyo ni ndio mwindaji mwenzako asikudhanie mnyama. Usiogope ati kulungu atakuona, macho yake hayaoni chungwa vile sisi tunaiona. Sasa fikiria umevaa vesti yako vizuri halafu umebandika begi kubwa nyeusi juu ya mgongo wote. Mtu aliye nyuma yako na bunduki anaona nini? Anaona kitu cheusi kinasonga kwa miti. Begi ya kiuno inakaa chini ya vesti, chungwa yote inabaki wazi. Tafadhali hiyo ikae kwa akili.

Sasa kubeba. Kanuni yangu ni kilo 4 hivi, tano ikizidi sana, na hesabu maji ndani yake kwa sababu lita moja ya maji ni kilo moja. Juu ya hapo mkanda unaanza kuteremka, begi inaning'inia kwa makalio na unatembea ukiivuta juu kila hatua. Kwa uzito huo unatosha kuweka leseni kwa karatasi isiyoingia maji, kisu kifupi kwa ala yake, pea mbili za glavu za mpira, kamba ya mita kadhaa, tochi ya kichwa na betri za ziada, dira, filimbi, kiberiti cha gesi, bandeji, chupa moja ya maji, chakula ambacho karatasi yake haipigi kelele (ndizi kavu, njugu umeweka kwa kitambaa, sio krispi), na kofia kavu ya kuvaa ukishakaa. Darubini usiiweke ndani, ivae kifuani maana utaihitaji haraka. Simu pia usiiweke kwa begi, iweke mfuko wa ndani karibu na mwili kwa sababu baridi inamaliza chaji upesi mno na hiyo simu ndiyo ya kuita msaada. Ukiona begi ziko na mpira wa kunyonya maji usidanganyike na huo mpira, maji yanaganda ndani yake kwa hiyo baridi, chupa ni bora.

Hizo glavu usiziache. Kule kuna ugonjwa wa kulungu unaoharibu ubongo, Wisconsin uligunduliwa mwaka 2002, na wataalamu wanashauri mtu avae glavu akipasua mnyama, na nyama ya kulungu aliyetoka maeneo yenye ugonjwa huo ipimwe kabla ya kuliwa. Binamu yako atajua mahali pa kupeleka.

Jaketi nzito ya kukaa nayo, hiyo haiingii. Tafuta begi iko na mikanda miwili chini yake, unaviringisha jaketi unaifunga hapo ukitembea, ukifika unavaa.

Na nyama usiifikirie kabisa kwa hiyo begi. Kulungu dume aliyekomaa anaweza kupita kilo 80, huyo anatolewa matumbo pale pale halafu anakokotwa kwa kamba, ama kwa sleji, kile kigari cha kuteleza, kama kuna theluji, ama mnarudi na begi za mgongo zenye fremu. Begi ya kiuno kazi yake ni kukufikisha na vifaa vya kumhudumia, baada ya hapo ni nguvu zenu na binamu. Akishapatikana kuna kuandikisha, kule inafanywa kwa simu ama kwa mtandao kabla ya saa kumi na moja jioni ya siku inayofuata, kwa hivyo ile simu tena.

Kununua sasa. Watu wanahesabu mifuko na zipu, na mimi nakuambia shika mkanda kwanza. Uwe mpana, upana wa kiganja hivi, uwe na sponji ngumu ambayo ukiifinya inarudi, na ufunike mifupa ya nyonga pande zote mbili. Hapo ndipo uzito unakaa, juu ya mfupa, sio tumboni na sio kwa uti wa mgongo. Kama mkanda ni utepe mwembamba tu kama wa ile ya makanga, achana nayo hata kama begi yenyewe ni safi. Angalia kama iko na vimikanda vya kubana pembeni, vile vinavuta begi karibu na mwili, bila hivyo itacheza kushoto kulia. Ukipata moja iko na mkanda mwepesi wa mabega wa kutoa na kurudisha, chukua, utakusaidia siku umebeba zaidi kidogo.

Gikomba na Toi unaweza kupata nzuri sana za mitumba, lakini ifungue ndani upitishe kidole. Kuna rangi ya mpira imepakwa ndani ya kuzuia maji na ikizeeka inabanduka ama inanata, hiyo haitengenezeki. Vuta pale mkanda umeungana na begi, hapo ndipo zinakatikia, ingawa kama ni uzi tu umeachia fundi wa mabegi atarudishia kwa dakika chache. Jaribu kifungo cha plastiki ukiwa umevaa glavu nene. Sikiliza pia. Kitambaa kinachopiga kelele ukikikwaruza na ukucha, huko kwenye baridi kitapiga zaidi maana kinakuwa kigumu, na kulungu anasikia vizuri kuliko wewe. Velkro ndiyo mbaya kabisa, ukifungua asubuhi imetulia ni kama umepiga kelele, kwa hivyo zipu, na kwa zipu toa vyuma vya kuvutia uweke vipande vya kamba. Na la mwisho kwa duka, ijaribu juu ya jaketi nzito mbili. Mkanda unaotosha juu ya shati hapa Nairobi hautatosha huko.

Kama mtapanda mti, usipande na begi imejaa kiunoni. Vaa mkanda wa usalama wa mwili mzima kutoka chini, funga begi kwa kamba, panda, ukishajifunga juu ndio uivute. Bunduki hivyo hivyo, haina risasi ndani wakati inavutwa. Kuanguka kutoka kwa hivyo viti kunaumiza wawindaji wengi sana kule, sio mchezo.

Na kabla ya yote hayo, leseni. Wewe ukiingia Marekani kwa viza ya kutembea, sheria yao ya taifa inakukataza kushika bunduki ama risasi isipokuwa uko kwa yale machache yaliyoruhusiwa, na moja ni kuwa na leseni halali ya kuwinda ya huko. Kwa hivyo hata kushika tu upige picha, ngoja leseni. Wisconsin pia mtu aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1973 ama baadaye anatakiwa awe amefanya kozi ya usalama wa uwindaji, muulize binamu mapema ni masomo gani utafanya kabla ya kufika na ni yapi utafanyia huko, maana msimu wenyewe wa bunduki ni siku 9 tu, unaanza Jumamosi kabla ya Thanksgiving, sikukuu yao ya Alhamisi ya nne ya Novemba, ukichelewa umekosa.

Ukirudi, geuza hiyo begi nje ndani, kila mfuko, uikung'ute. Risasi moja imejificha kwa kona ikapatikana na mashine ya JKIA, hapo utaeleza mambo mengi sana, kwa sheria yetu kuwa na risasi bila cheti ni kosa. Kisu nacho kiende kwa mzigo wa chini ya ndege, kwenda na kurudi.

SWALI: Mambo mhariri. Mimi hupanda Ngong na wenzangu Jumamosi na mwezi ujao tunaenda Longonot. Niko na watoto wawili, wa pili nilijifungua kwa operesheni mwaka jana, na begi ya mgongo huniacha mabega yameuma siku mbili. Nimeona wengine na begi za kiuno. Itanisaidia ama itahamisha maumivu tu iyapeleke chini? – Dada wa Rongai

JIBU: Dada, itategemea unaumwa wapi. Kama ni mabega na shingo, ndio, itakusaidia na utasikia tofauti siku ya kwanza. Kama ni kiuno chenyewe kinauma, hasa kikiuma mpaka mguu unakufa ganzi, usinunue begi, muone daktari ama mtu wa fiziotherapia kwanza, maana begi itakuwa inasukuma pale pale panapouma.

Halafu kovu. Mkanda mpana unapita karibu na mshono wa operesheni na ukitembea masaa manne unasugua. Uinue kidogo ukae juu ya mifupa ya nyonga, kifungo kije chini ya kitovu lakini juu ya mshono, vaa juu ya tisheti ndefu, na ukisikia kuvuta au kuchoma pale ndani vua, mpatie mwenzako abebe. Hakuna kilele kinastahili hiyo. Kama daktari wako hajakuruhusu kubeba vitu, basi bado.

Kukaza ni vile mama anafunga mtoto mgongoni kwa leso, ukilegeza mtoto anateremka na wewe ndiye unachoka, ukikaza vizuri karibu na mwili unasahau uko naye. Kwa hivyo funga kifungo kwanza ukiwa umesimama wima, kaza mkanda, ndio ukaze vimikanda vya pembeni. Ukianza kuteremka mteremko kaza tena, kwa sababu kuteremka ndio begi inarukaruka.

Ngong hata ukifika kilele chake, Lamwia, mita 2,460, begi ya kiuno inatosha kabisa, kuna upepo mkali kwa hivyo jaketi nyepesi lazima. Longonot ni maneno mengine kidogo. Kilele ni mita 2,776, kutoka geti mpaka ukingo wa shimo ni kilomita 3 hivi, na kuzunguka ukingo wote ni kilomita 7 na kitu, kivuli ni haba na vumbi ni lile la volkano linaingia kila mahali. Pale lita moja ya maji haitoshi mtu anayezunguka ukingo wote, unataka lita mbili ama zaidi. Chagua begi iko na mifuko miwili ya chupa, moja kila upande, ndio uzito ulingane, na upime kama chupa yako ya chuma inaingia kabla ulipe. Chupa ya chuma nasema kwa sababu tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwa mbuga, misitu na fuo zilizohifadhiwa, na hiyo ni pamoja na zile chupa za maji za dukani. Ukifika geti nazo utaambiwa uache. Zipu za Longonot pia zinakula vumbi, ukirudi zipige brashi kavu ya meno kuukuu na uzipake nta ya mshumaa.

Na ukirudi tao, ukishuka tu kwa matatu, igeuze ije mbele. Ikiwa nyuma kwa watu wengi hauoni kile kinaendelea huko.

SWALI: Nimeona begi ya kiuno Gikomba poa sana, imara, mkanda mpana, lakini ni rangi ile ya jungle ya majeshi. Jamaa anasema wazungu wote wanawinda na hizo. Nichukue? – Kijana wa Kayole

JIBU: Usichukue, mdogo wangu. Ni kweli kule nje zinauzwa kwa kila duka la uwindaji, lakini hapa kwetu sheria inamkataza raia kuvaa sare za jeshi ama nguo zinazofanana nazo, na wewe ni kijana unatembea mtaani Kayole, ukisimamishwa saa mbili usiku na polisi hakuna atakayengoja umueleze mambo ya wazungu na kulungu. Kuna kijani ya kawaida, kahawia, kijivu. Muulize huyo huyo jamaa, mara nyingi aina moja inakuja kwa rangi kadhaa kwa beli.

SWALI: Mhariri, salamu. Mimi ni mzee wa miaka 66, niko Kitengela. Vijana wangu wanaangalia video za Wamarekani wakiwinda na sasa wananiambia tununue vifaa, hizo begi na visu, tukawinde swala huku Kajiado kwa shamba la rafiki yangu, ati ni shamba la mtu binafsi kwa hivyo hakuna shida. Leseni inatolewa wapi? – Mzee wa Kitengela

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Asante kwa kuuliza kabla, maana hilo swali linaweza kukuokolea vijana wako. Leseni hiyo haipo. Serikali ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, miaka ile ndovu na vifaru walikuwa wanamalizwa, na mwaka uliofuata biashara ya nyara za wanyama nayo ikafungwa. Sheria ya wanyamapori ya 2013 ikaendeleza hapo hapo. Na shamba kuwa la mtu hakubadilishi kitu, mnyama wa porini si wa mwenye shamba, hata akilala kwa boma lake. Kwa hivyo hapana, hata swala mmoja, hata wa kula nyumbani.

Vijana watauliza kwa nini Wamarekani wanaruhusiwa, na ni swali la haki. Kulungu wa mkia mweupe kule ni wengi sana, mbwa mwitu na wanyama wengine waliokuwa wanawala walipunguzwa zamani, na kila jimbo linapanga msimu na idadi ya vibali. Tena pesa ya leseni, pamoja na ushuru wa bunduki na risasi uliotengewa kazi hiyo kwa sheria ya mwaka 1937, inaenda kutunza wanyama na makazi yao. Hali yao si hali yetu. Hata mnyama mwenyewe si ndugu wa swala granti wa Kajiado, kulungu wao anaangusha pembe zake kila mwaka na zinaota mpya, swala wetu pembe alizonazo ni za maisha yake yote. Jamii hiyo ya wanaoangusha pembe, walio wa asili ya Afrika wako kaskazini tu, huko milima ya Atlasi.

Lakini mzee, hamu ya hao vijana usiizime. Wanataka kunyemelea mnyama, kusoma nyayo, kujua upepo unatoka wapi, na hayo yote yanafanyika bila kuua. Wapeleke Hell's Gate ambako mtu anaruhusiwa kutembea kwa miguu na kwa baiskeli katikati ya swala na pundamilia, wanunulie darubini moja nzuri badala ya visu vitatu, na hapo begi ya kiuno iwe na maji, daftari, kofia na darubini. Mwambie kila mmoja asogee mpaka pale mnyama anainua kichwa, asimame hapo, asimfukuze. Hiyo ni kazi ngumu na watarudi wamechoka.

SWALI: Begi yangu ya kiuno niliitumia kubeba nyama ya mbuzi kutoka Kiamaiko na sasa inanuka damu, nimeiosha na maji ya moto na Omo lakini bado. – Buruburu

JIBU: Maji ya moto ndiyo yameipika hiyo damu kwa kitambaa. Loweka usiku mzima kwa maji baridi na chumvi, badilisha maji asubuhi, sugua na sabuni ya mche kwa brashi laini hasa kwa mishono, suuza, rudia mara ya pili. Ukimaliza igeuze nje ndani, ianike kivulini zipu zote zikiwa wazi, sponji ya mkanda inachukua hata siku mbili kukauka, usiifungie kabatini kabla. Jua kali usiipeleke, litaharibu ule mpira wa ndani. Na mara nyingine nyama ifunge kwa kitambaa kisafi uibebe kwa ndoo ama kikapu.